Kibofu Kigumu, Seli Laini

Simiyu ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mvua zikikatika, mito mingi hubaki mchanga mtupu, na ndiyo maana mkoa umejaa malambo. Mengine ni ya tangu enzi za mkoloni, ulipokuwapo ule Mpango wa Maendeleo ya Usukuma baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia; mengine yamechimbwa juzi tu na wanavijiji wenyewe. Kwenye lambo ng'ombe hunywa, akina mama hufua na kuchota, watoto huogelea adhuhuri jua linapowaka. Humo ndani anaishi pia konokono mdogo wa jenasi ya Bulinus. Lambo likikauka hujizika kwenye tope, akangoja mvua ya msimu unaofuata, kisha huibuka na kuendelea na maisha yake.

Konokono huyo ndiye mlezi wa kichocho cha mkojo. Ukanda wa Busega, unaopakana na Ziwa Victoria, una zaidi kichocho cha tumbo, ambacho konokono wake ni wa aina nyingine. Ukiingia bara, Maswa, Itilima, Bariadi na Meatu, cha mkojo ndicho kinachotawala. Vimelea wachanga wenye mkia hutoka kwa konokono mchana, hupenya ngozi ya mtu aliyemo majini kwa dakika chache tu, husafiri na damu na kukomaa. Kisha dume na jike huweka makazi ya pamoja kwenye mishipa ya damu inayokizunguka kibofu, na hapo jike hutaga miaka kwa miaka.

Kila yai lina mwiba mwishoni. Baadhi ya mayai hupasua njia hadi kwenye mkojo, ndiyo ile damu anayoiona mtoto wa shule akienda haja ndogo. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu na hayatoki tena. Mwili huyazingira, hujenga makovu pande zote, na miaka ikipita ukuta hukakamaa. Vipo vibofu vilivyojaa chokaa kiasi cha kuonekana waziwazi kwenye picha ya eksirei ya kawaida. Daktari wa Kijerumani Theodor Bilharz alimwona mnyoo wenyewe mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti hospitalini Cairo. Mwaka 1911, Misri hukohuko, mtafiti Ferguson aliandika kwamba kichocho na saratani ya kibofu vinatembea pamoja. Ilipofika 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo huyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa tumbaku.

Kanda ya Ziwa inalijua jambo hili kwa takwimu zake yenyewe. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipekua kumbukumbu za miaka kumi za saratani ya kibofu kaskazini magharibi mwa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Wagonjwa walikuwa 185, wanawake 95 na wanaume 90. Msomaji asipite haraka hapo. Ulaya na Marekani saratani ya kibofu ni ugonjwa wa wanaume wazee, wengi wao wavutaji wa sigara. Wanaume huwazidi wanawake mara tatu hadi nne, na umri wa kawaida wa kugundulika unapita miaka 70. Kwetu wanawake wamewazidi wanaume, na wastani wa umri ulikuwa miaka 54. Zaidi ya nusu ya uvimbe, asilimia 55, ulikuwa wa aina ya skwamasi, ambayo kwingineko ni nadra. Mayai ya kichocho yalionekana kwenye nyama za wagonjwa 83, na waliokutwa nayo walikuwa na umri mdogo zaidi na ugonjwa mkali zaidi. Anayechota na kufua lamboni ndiye anayeumwa.

Nimelianzia lambo, katika sura inayohusu mashine ya mamia ya milioni ya shilingi, kwa sababu kazi iliyofungua njia ya kupima ulaini wa seli za saratani kwa mashine hiyo ilifanywa kwenye seli za kibofu.

Mashine yenyewe ilizaliwa mwaka 1986, Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walipochapisha maelezo ya hadubini isiyotazama kitu. Hadubini za kabla yake zilitumia mwanga au elektroni. Ya kwao ilitumia mguso. Walichukua kichembe cha almasi, wakakibandika kwenye utepe mwembamba wa dhahabu na kukiburuta taratibu juu ya kitu walichotaka kukichunguza, huku utepe ukipanda na kushuka kufuata vilima na mabonde ya uso wake. Siku hizi utepe hutengenezwa kwa silikoni au kemikali ya jamii yake. Urefu wake ni kama sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita, na mwishoni una ncha yenye upana wa nanomita kumi hivi. Gawanya milimita moja mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Mwali wa leza hupigwa mgongoni mwa utepe na kuakisiwa kwenye kihisi. Utepe ukipinda hata kidogo sana, doa la mwanga husogea na kompyuta hunukuu. Hiyo ndiyo hadubini ya nguvu za atomu.

Mwaka huohuo wa 1986 Binnig na Heinrich Rohrer walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa hadubini yao ya awali, ile inayohitaji umeme upite kwenye kitu kinachochunguzwa. Nusu nyingine ya tuzo ilikwenda kwa mzee Ernst Ruska, aliyebuni hadubini ya elektroni tangu miaka ya 1930. Jina la Ruska tulihifadhi, maana kazi yake itatukuta tena kwenye kisa cha Kampala.

Kwa tabibu, uzuri wa hadubini ya mguso ni kwamba haiiui seli. Hadubini ya elektroni kwa kawaida huitaka seli ikaushwe, ipakwe madini na kuwekwa mahali pasipo hewa. Ncha ya silikoni hufanya kazi ndani ya maji, kwenye joto la mwili, seli ikiwa hai. Na zaidi ya kuchora sura ya seli inaweza kuibonyeza, kama mnunuzi wa embe anavyolibonyeza kwa kidole gumba kabla hajatoa hela. Kwa kuwa ugumu wa utepe unajulikana, na upindaji wake unapimwa, inajulikana pia nguvu iliyotumika na kina ilichozama ncha. Kutoka hapo unakokotolewa ugumu wa seli kwa hesabu aliyoiacha Heinrich Hertz, ambaye mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alitaka kujua vioo viwili vya lenzi hubonyea vipi vikikandamizana. Ni Hertz huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye masafa ya redio. Hakuwazia saratani hata siku moja.

Mwaka 1999, mjini Kraków nchini Poland, Małgorzata Lekka na wenzake walichukua seli za kibofu cha binadamu zinazokuzwa maabara, aina mbili zisizo na saratani na tatu za saratani, wakazibonyeza moja baada ya nyingine. Seli za saratani zilikuwa laini kuliko nzima kwa takribani mara kumi. Mtu yeyote aliyewahi kugusa uvimbe wa saratani angeshangaa, kwa sababu uvimbe ni mgumu. Ugumu huo ndio humfanya mama aende hospitali akisema ana kitu kwenye titi, na ndio daktari anaoutafuta anapobonyeza tumbo.

Jibu la kitendawili hiki linaeleweka leo, walau kwa sehemu kubwa. Seli ina mifupa yake: nyuzi za protini, hasa aktini, zilizosukwa chini ya ngozi yake na kuipa umbo. Seli inapogeuka saratani, msuko huo hupangwa upya na kulegea. Seli iliyolegea inaweza kujipenyeza kwenye upenyo mwembamba kuliko yenyewe, ikaingia mshipa wa damu na kutokea upande wa pili. Ulaini ndio unaoiwezesha kusafiri. Ugumu unaouhisi mkono ni wa kitu kingine kabisa, yaani makovu na nyama ngumu inayojengeka kati ya seli na seli. Tena vitu hivi viwili havipingani, vinasaidiana: seli huhisi ugumu wa mahali zilipokaa, na mazingira magumu huzichochea kugawanyika na kuhama. Sasa rudi kwenye kibofu chenye kichocho. Mayai yamekaa humo miaka ishirini au thelathini, ukuta umekuwa kovu tupu, na kidonda hakiponi. Ni vigumu kubuni mazingira yanayoialika saratani kuliko hayo.

Baada ya Kraków wengine walifuata. Mwaka 2007 Sarah Cross, Jianyu Rao na James Gimzewski wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliacha seli za kukuzwa na kuchukua za wagonjwa wenyewe, kutoka kwenye maji yanayojaa kifuani saratani inapoenea. Chini ya hadubini ya kawaida baadhi ya seli zilikuwa zinafanana. Chini ya ncha, za saratani zilikuwa laini kuliko nzima kwa zaidi ya asilimia 70. Mwaka 2012 Marija Plodinec, Roderick Lim na wenzao mjini Basel, Uswisi, walibonyeza vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye matiti ya wagonjwa, maelfu ya mara kila kipande. Nyama nzima ilitoa kipimo kimoja kilichojikusanya mahali pamoja. Ya saratani ilitoa vipimo vilivyotawanyika, sehemu ngumu hapa, laini pale, na zile laini zikiwa nyingi. Plodinec baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya kuipeleka kazi hiyo hospitalini.

Sitaki msomaji adhani kila kitu kilikwenda sawa. Kwa miaka mingi maabara mbili zilizopima aina moja ya seli zilikuwa zikitoa namba tofauti kabisa. Ukibonyeza haraka, seli ni ngumu. Ukibonyeza taratibu, ni laini. Ukizamisha ncha sana unapima kiini badala ya ngozi. Na wengi walikuwa hawaupimi vizuri utepe wao wenyewe. Mwaka 2017 maabara kadhaa za Ulaya, Kraków ikiwamo, zilichapisha utaratibu mmoja wa kusawazisha vipimo. Kazi ya namna hiyo haitoki kwenye magazeti, lakini ndiyo inayotenganisha kifaa cha hospitali na mchezo wa maabara.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ncha hii imeufikia, na Usukumani una uzito wake wa pekee. Ubongo wa mtu mwenye Alzheimer hujaa mabaki ya protini iitwayo amiloidi. Wa mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, hujaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Zote mbili mwanzoni ni molekuli zisizo na madhara. Kisha hukunjika vibaya, hushikana mbili, nne, kumi, hadi zinakuwa nyuzi ndefu. Nyuzi hizo zina unene wa nanomita chache, kwa hiyo hadubini ya mwanga haizioni, lakini ncha ya silikoni hupanda juu yake na kuzipima kimo. Toshio Ando wa Chuo Kikuu cha Kanazawa, Japani, alitengeneza hadubini ya aina hii inayokwenda kasi kiasi cha kutoa picha zinazotembea. Mwaka 2016 kundi la Kanazawa lilionyesha uzi wa amiloidi ukikua mbele ya macho, ukisimama, ukianza tena, na ukibadilika kutoka uzi ulionyooka kuwa uliosokotwa au kinyume chake. Hilo lina maana kwa mtengeneza dawa, kwa sababu dawa inayoziba njia moja ya kukua inaweza kuiacha nyingine wazi.

Nimesema Usukumani kwa sababu mzee aliyesahau njia ya nyumbani, anayetembea usiku na kusema na asiyeonekana, hakuchukuliwa sikuzote kama mgonjwa. Kwa miongo kadhaa, Shinyanga, Mwanza na hii iliyokuja kuwa Simiyu mwaka 2012, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Siwezi kusema ni wangapi kati yao waliokuwa na ugonjwa wa kusahau. Ninachoweza kusema ni kwamba ugonjwa huo upo vijijini kwetu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, uliwapima watu wa miaka 70 na zaidi nyumba kwa nyumba, na baada ya kusawazisha umri ukakuta asilimia 6.4 wanao. Utafiti wa awali wa Parkinson katika wilaya hiyohiyo ulikuta kuwa wengi wa wagonjwa hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa.

Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya Empa, Uswisi, walielekeza ncha kwenye chembe nyekundu za damu za watu wenye matatizo ya kumbukumbu na kukuta nyuzi za protini zimekaa juu yake, nyingi zaidi kwa wale ambao dalili za Alzheimer zilikuwa zimethibitika. Bado ni utafiti, si kipimo cha kliniki. Lakini tone la damu hata zahanati ya Itilima inaweza kulitoa, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu picha za ubongo.

Na kama tone la damu linatosha, je, chupa ya mkojo? Mwaka 2018 Igor Sokolov wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kusomwa kwa makini zaidi Mwanza kuliko Boston. Walikusanya seli zinazotoka zenyewe kwenye mkojo, wakazikausha, wakaipitisha ncha juu yake. Hawakupima ulaini. Walichora ramani ya uso wa seli, jinsi ulivyo na miinuko na unavyoinatia ncha, kisha wakaifundisha kompyuta kutenganisha ramani za wagonjwa na za wasio wagonjwa. Walikuwa na watu 25 wenye saratani ya kibofu na 43 wasio nayo. Kwa kutazama seli tano tu za kila mtu, kompyuta ilipatia kwa asilimia 94.

Fikiria maana yake kwa mama wa Meatu. Leo njia ya uhakika ya kuitambua saratani ya kibofu ni kuingiza kamera ndani kupitia njia ya mkojo, kukata kinyama na kukipeleka kwa mtaalamu wa patholojia. Kwa wengi wa Simiyu hiyo ni safari ya Mwanza kupitia Lamadi, nauli, malazi ya ndugu anayesindikiza, na majibu ya kusubiri. Kabla ya safari hiyo ameshatibiwa mara nyingi kwa UTI sugu. Mkojo ungetolewa Bariadi na seli zikakaushwa kwenye kioo, kioo ndicho kingesafiri, mama akabaki na wanawe.

Ni hapa ninapotofautiana na wanaosema basi tununue mashine. Seli alizozibonyeza Lekka hazikutoka lamboni. Mojawapo ya aina zile za saratani, iitwayo T24, ilitolewa mwaka 1970 kwa mwanamke wa Sweden mwenye umri wa miaka 81, na imekuwa ikikuzwa maabara tangu hapo. Saratani yake ni ya utando wa kawaida wa kibofu, ile inayowapata Wazungu wengi. Ya kwetu, zaidi ya nusu, ni ya skwamasi. Wagonjwa wa Sokolov walikuwa wa Marekani, na hata wale 43 wasio na saratani hawakuwa watu waliokulia kwenye kichocho. Kibofu chenye mayai hutoa seli zilizochubuliwa na kubadilika sura kwa miaka mingi bila kuwa saratani. Kompyuta iliyofundishwa mahali pasipo na kichocho, ukiipa mkojo wa Maswa, inaweza kumwita mgonjwa kila aliyewahi kuogelea lamboni. Au itamkosa mgonjwa wa kweli, kwa kuwa hakuna aliyeionyesha seli ya skwamasi. Asilimia 94 ni ya kule ilikopimwa. Hapa lazima ipimwe upya, kwa seli za hapa, dhidi ya majibu ya patholojia ya hapa.

Jambo kama hili, la kuanzia na wagonjwa wa hapa, limeshafanyika Afrika Mashariki, na tulilifanya sisi kwanza. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa hospitalini Mulago, Kampala, mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata aliuandika ugonjwa huo, ambao Kanda ya Ziwa inaujua vizuri hadi leo. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, aliendesha gari maelfu ya maili akiuliza hospitali moja baada ya nyingine, Tanganyika ikiwamo, nani ameuona na wapi. Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, na mtafiti wa virusi Anthony Epstein alikuwapo. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kimoja kilichelewa Desemba 1963, kwa kuwa ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Mwanzoni mwa 1964 Epstein, akiwa na hadubini ya elektroni, chombo kilekile cha Ruska, aliona kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe wa Mulago. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo kinaitwa kwa jina lake na la mwenzake Yvonne Barr.

Kisa hicho huweza kusomwa kwa uchungu: watoto wa Uganda wakatoa uvimbe, London ikatoa jina. Usomaji huo una haki yake, na si kwa bahati kwamba siku hizi sampuli haitoki Tanzania bila kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na mkataba unaosema nani atamiliki nini. Lakini upo usomaji wa pili, nami nauona una faida zaidi. Hadubini ya London ilikuwapo miaka mingi bila kuona kirusi kile. Ilikiona pale mtu wa Mulago aliposema ni uvimbe upi utazamwe, unatoka wapi, na kwa nini eneo lake linafuata joto na mvua. Mashine ilikuwa ya wengine; swali lilitoka hapa.

Swali la Simiyu liko tayari. Bugando kuna wataalamu wa patholojia, kuna kumbukumbu, kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi chenye wanafunzi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo Bariadi. Kinachohitajika kwanza ni utaratibu wa kukusanya mkojo wa makundi matatu: wenye saratani iliyothibitishwa, wenye kichocho bila saratani, na wasio na lolote. Hilo kundi la pili ndilo ambalo Boston haiwezi kulipata, na ndilo lenye thamani kuliko mashine yenyewe. Hadubini ya nguvu za atomu inataka meza isiyotikisika, umeme usiokatika na fundi aliyesomea. Ncha zake huchakaa na lazima ziagizwe kutoka nje. Kuileta Bariadi leo ni kununua trekta kabla ya kupata shamba. Kioo chenye seli kavu, chenye mkataba na jina la aliyekituma, kinaweza kwenda na majibu yakarudi.

Wakati huohuo kuna hadubini ya bei ndogo ambayo zahanati nyingi zinayo. Yai la kichocho lina urefu wa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, mwiba wake unaonekana kwa lenzi ya kawaida, na dawa yake, prazikwanteli, imekuwapo tangu miaka ya 1970. Misri iliitumia kwa wingi. Katika Taasisi ya Saratani ya Taifa, Cairo, aina ya skwamasi ilikuwa karibu robo tatu ya saratani zote za kibofu mwaka 1980. Ilipofika 2005 ilikuwa chini ya theluthi. Hakuna ncha ya silikoni iliyohusika.

Kwa hiyo, mzazi wa Simiyu: siku ya kingatiba shuleni mtoto apimwe kwa ile fimbo ya urefu inayoamua idadi ya vidonge, ameze vidonge vyake vyote akiwa ameshakula, hata kama mwaka jana alimeza, maana lambo ni lilelile na konokono ni yuleyule. Na wewe mtu mzima uliyekulia kwenye malambo hayo, mwanamke au mwanamume, ukiona damu kwenye mkojo, au ukitibiwa UTI mara ya pili na ya tatu bila kupona, usikubali kupewa dawa nyingine kabla mkojo wako haujatazamwa kwenye hadubini. Mwambie daktari ulikulia wapi. Yai likionekana, umeze dawa. Damu ikiendelea baada ya dawa, omba barua ya rufaa ya Bugando siku hiyohiyo.